Somo la Biashara: Mtawala Akiingia Umoja wa Forodha, Nani Atalinda Mali ya Koloni?

Wasomaji wetu, walimu, wazee na wakuu wa vijiji, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kuwa ni la mabwana wakubwa wa mijini tu, wala halimhusu mtu wa Bariadi, Itilima au Maswa. Lakini mtu akilifuata hatua kwa hatua ataona kwamba mwisho wake uko mlangoni pake. Jambo lenyewe ni hili: nchi yenye kutawala koloni ikiingia katika umoja wa biashara pamoja na nchi nyingine, biashara ya koloni lile italindwa na nani, na kwa njia gani?

Twapenda kuanza na mizani, maana hapana chombo ambacho mkulima wa pamba akijua zaidi. Wazee wa Usukuma wamesimulia jinsi pamba ilivyouzwa kabla ya vyama vya ushirika. Mkulima alichukua pamba yake mpaka kwa mnunuzi. Mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akasoma uzito mwenyewe, akatoa fedha. Mkulima hakuwa na njia ya kujua kama mizani ile ni ya haki. Karibu na 1950 wakulima wakafanya shauri: wakaweka watu wao wenyewe, wajuao kusoma na kuhesabu, wasimame penye mizani na kuuhakikisha uzito. Kutokana na shauri lile, na mengine kama hilo, vikakua vyama vya ushirika, na 1955 vikaungana kuwa chama kikuu, Victoria Federation of Co-operative Unions, Bwana Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Msomaji na alishike neno hili la mtu penye mizani, maana somo la leo lote ni neno hilo hilo, ila mizani yenyewe ni kubwa, nayo iko mbali.

1. USHURU WA FORODHA NA UA WA MINYAA

Zamani mji wa Msukuma ulizungushiwa ua wa minyaa, ukaachwa mlango mmoja wa kupitia watu na ng'ombe. Nchi nayo ina ua wake na mlango wake. Ua ni mipaka, na mlango ni forodha. Mali ya mgeni ikifika mlangoni hutozwa ushuru, na sababu za ushuru ni mbili. Ya kwanza ni kuipatia serikali fedha. Ya pili ni kuwalinda wakulima na mafundi wa nchi, ili mali ya mgeni isiwe rahisi mno kuliko yao.

Sasa tuseme miji sita yafanya mapatano. Yang'oa minyaa iliyo baina yao, kisha yapanda ua mmoja mkubwa kuizunguka yote sita. Walio ndani wauziana bila ushuru. Aliye nje, akija kwa mji wowote katika ile sita, hutozwa ushuru ule ule. Huo ndio umoja wa forodha.

Lakini je, mmoja wa wenye miji akiwa na mtu wake akaaye nje, ambaye siku zote alikuwa akiingia kwake bila kutozwa kitu? Siku ya pili mtu yule atakuta ua mpya. Hapo yazuka maswali matatu. La kwanza, je, mali yake itaingia bure au italipa? La pili, ikiwa itaingia bure, je, naye ataamriwa kung'oa ua wa kwake, ili mali ya wale sita iingie kwake bila ushuru? La tatu, ni nani atakayesema kwa ajili yake siku ya mapatano? Swali hili la tatu ndilo kubwa, maana wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

2. HATI YA ZAMANI ILIYOLINDA MNUNUZI WA NGUO

Kwanza tuone jinsi hati iliyoandikwa iwezavyo kumlinda mtu mnyonge, hata ikiwa haikuandikwa kwa kumpenda yeye.

Tarehe 26 Februari 1885 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Berlin. Katika mkataba ule walipatana kwamba bonde la mto Kongo, pamoja na nchi zilizo mashariki yake mpaka Bahari ya Hindi, litakuwa wazi kwa biashara ya mataifa yote kwa usawa. Tanganyika, Kenya na Uganda zote zimo katika eneo lile. Mkataba huo ulitengenezwa upya kule Saint-Germain tarehe 10 Septemba 1919, na neno la usawa likabaki. Kisha 1922 Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Chama cha Mataifa, hati ya ulezi katika kifungu chake cha 7 ikasema neno lilo hilo: mtawala asiwapendelee wafanya biashara wa taifa lake kuliko wa mataifa mengine yaliyo katika Chama. Tanganyika basi haikuwa koloni hasa, bali nchi iliyowekwa chini ya ulezi. Na tofauti hiyo ya jina ilikuwa na faida mfukoni.

Mwaka 1932 Uingereza na nchi za milki yake zilikutana Ottawa, katika Kanada, wakapatana kupendeleana kwa ushuru. Huo ulikuwa umoja wa biashara wa namna yake. Kisha Mei 1934 serikali ya Uingereza ikatangaza kuzuia nguo za Japani katika makoloni mengi, kwa kuwa nguo zile zilikuwa rahisi sana nazo zilikuwa zikiwanyang'anya soko wenye viwanda wa Lancashire. Katika makoloni mengi watu wakalazimika kununua nguo za bei kubwa zaidi. Lakini katika Afrika ya Mashariki amri ile haikuweza kuwekwa, maana hati za 1919 na 1922 zilikataza kulibagua taifa lolote lililohusika nazo, na Japani ilikuwa mojawapo ya mataifa yaliyotia sahihi. Basi mkulima wa Usukuma, katika miaka ile ya shida ambapo bei ya pamba ilikuwa imeanguka, aliendelea kununua nguo ya Kijapani kwa bei aliyoiweza. Yeye hakujua habari za Berlin wala Saint-Germain. Hati ilimlinda bila yeye kuijua.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mtawala alipojiunga na wenzake, kilichomzuia asimtwishe mtawaliwa mzigo wa mapatano yale hakikuwa huruma. Kilikuwa karatasi yenye sahihi za watu wengi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

3. UMOJA WA JIRANI AMBAO HATUKUULIZWA

Lakini msomaji asidhani kwamba hati ile ilitosha kwa kila jambo. Ilikataza kubagua mataifa ya nje. Haikukataza kuziunganisha nchi jirani chini ya mtawala mmoja.

Kenya na Uganda ziliunganishwa katika umoja wa forodha 1917. Tanganyika ikaingizwa kwa hatua katika miaka iliyofuata, hata 1927 ukawa umoja kamili. Wakulima wa Kizungu wa Kenya walikuwa na ngano, siagi na sukari za kuuza, nao wakapata ushuru mkubwa wa kuwalinda na mali ya ng'ambo. Tanganyika ilipata hasara mara mbili. Kwanza, watu wake walinunua vitu vile kwa bei iliyopandishwa na ushuru. Pili, kwa kuwa vitu vile vilitoka Kenya na si ng'ambo, hazina ya Tanganyika haikupata ushuru wowote juu yake. Bwana Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kukagua fedha za Tanganyika, alieleza hasara hiyo katika taarifa yake ya 1932. Lakini taarifa ilisomwa, na umoja ukaendelea vile vile.

Ilichukua muda mrefu mpaka jambo hili likatafutiwa dawa. Tarehe 6 Juni 1967, nchi zote tatu zikiwa zimekwisha kujitawala, zilitia sahihi kule Kampala mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndani yake iliwekwa kodi ya uhamisho, ambayo nchi yenye viwanda vichache iliruhusiwa kuitoza mali fulani itokayo kwa mwenzake, ili viwanda vyake vichanga vipate kukua. Jumuiya ile ilivunjika 1977, na nyingine ikaanzishwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999. Angalia tofauti: 1927 watawaliwa hawakuwa na mjumbe, 1967 kila nchi ilikuwa na mtu wake penye mizani.

4. UBELGIJI YAINGIA, NA KONGO YAVUTWA NYUMA YAKE

Sasa twafika katika kiini cha somo. Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita za Ulaya, yaani Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilitia sahihi Mkataba wa Roma, na kuanzia 1 Januari 1958 ikawapo Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Ua mmoja, mlango mmoja.

Ubelgiji wakati ule ilitawala Kongo, na pia Ruanda-Urundi, jirani yetu wa magharibi. Ufaransa nayo ilikuwa na makoloni mengi. Makoloni hayo yakatajwa katika orodha ya mkataba kuwa nchi shirika. Mali yao iliahidiwa kuingia katika zile nchi sita kwa ushuru wenye kupungua mpaka kwisha, na ukawekwa mfuko wa maendeleo kwa ajili yao. Watu wa Kongo hawakuwa na Bunge lao wala mjumbe wao mezani. Walivutwa kama mkokoteni ufuatavyo ng'ombe.

Ila hata hapo karatasi ya zamani ilifanya kazi. Mkataba wa Roma ulizidai nchi shirika nazo zipunguze ushuru wao kwa mali ya wale sita. Lakini katika kifungu cha 133 iliandikwa kwamba sharti hilo halizihusu nchi ambazo, kwa sababu ya mapatano ya mataifa yaliyotangulia, tayari zatoza ushuru wa usawa kwa wote. Kongo na Ruanda-Urundi zilikuwa hivyo hasa, kwa ajili ya mkataba wa bonde la Kongo. Basi maneno yaliyoandikwa 1885 yalikuwa bado yakiushika ua wa Kongo baada ya miaka zaidi ya 70.

Na huku kwetu je? Hapa yafaa tufanye hesabu, maana habari za ushuru bila hesabu ni kelele tu. Kahawa ya nchi shirika iliingia katika nchi sita kwa upendeleo. Kahawa ya Bukoba na Kilimanjaro haikupendelewa. Katika miaka ya 1960, ushuru wa kahawa isiyokaangwa katika mlango wa zile nchi sita ulipopunguzwa, ulibaki 9.6 katika kila 100. Maana yake, kahawa ya shilingi 100 kutoka Kilimanjaro ilitozwa shilingi 9 na senti 60 mlangoni, na kahawa ya nchi shirika haikutozwa kitu. Mnunuzi atachagua ipi, ikiwa ladha na bei ni sawa? Ama atachagua ile ya bure, ama atamwambia mkulima wa Kilimanjaro ashushe bei.

Lakini pamba isiyosokotwa haikutozwa ushuru mlangoni mle, wala katani ya mkonge. Sababu si kwamba Wazungu waliwapenda wakulima wa pamba kuliko wa kahawa. Sababu ni kwamba viwanda vya Ulaya vilihitaji pamba ghafi kwa bei rahisi. Pamba ile ile ikiisha kuwa uzi, na uzi ukawa nguo, ushuru ulizidi kupanda, maana hapo mgeni alikuwa akishindana na mfumaji wa Ulaya. Hata leo ndivyo ilivyo kwa nchi isiyo na mapatano ya kupendelewa: pamba ghafi huingia Ulaya bila ushuru, kitambaa cha pamba kwa kawaida hutozwa 8 katika 100, na mavazi 12 katika 100. Kahawa mbichi haitozwi kitu, na iliyokaangwa hutozwa 7.5 katika 100. Msomaji wa Bariadi na alitafakari hili sana. Mlango ulio wazi kwa mali ghafi waweza kuwa mlango wa kumweka mkulima katika ughafi siku zote.

5. UINGEREZA YABISHA HODI

Mwaka 1961, mwezi wa Agosti, Uingereza iliomba kuingia katika Jumuiya ile. Hali ya Afrika ya Mashariki siku zile ilikuwa ya mchanganyiko. Tanganyika ilikuwa yakaribia kujitawala, nayo ikapata uhuru 9 Desemba 1961. Uganda ilingoja mpaka Oktoba 1962, na Kenya na Zanzibar mpaka Desemba 1963. Basi mtawala alibisha hodi katika nyumba ya watu, na nyuma yake walisimama wengine waliokwisha kuwa huru na wengine waliokuwa bado mikononi mwake.

Uingereza ilizungumza na wale sita juu ya nchi hizi, na nchi za Afrika zikaonyeshwa njia ya kuwa nchi shirika kama zile za Ufaransa na Ubelgiji. Septemba 1962 mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana London. Ghana, Nigeria na Tanganyika zikakataa. Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka ule alikuwa Bwana Rashidi Kawawa.

Je, kukataa kulikuwa hekima au kiburi? Tupime pande zote mbili. Aliyetaka kukubali aliweza kusema: wakulima wa kahawa wanaumia, na mnunuzi wao mkubwa, Ujerumani, yumo ndani ya ua. Aliyekataa aliweza kujibu: pamba na katani, ambazo ni mazao makubwa ya nchi, haziumii, na sharti la kufungua mlango wetu kwa viwanda vya Ulaya litaua viwanda vyetu kabla havijazaliwa, tena ushirika ule wazigawa nchi za Afrika, hawa ndani na hawa nje. Mambo hayo yote yana kweli ndani yake. Mkulima wa Bukoba na mkulima wa Bariadi ni watu wa nchi moja, wala faida yao haikuwa moja. Kazi ya serikali iliyo huru ni kuzipima faida hizo mbili, ikijua ni nani atakayelipa. Koloni halina uwezo wa kupima, hupimiwa.

Mwisho mlango haukufunguliwa. Tarehe 14 Januari 1963 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alisema kwamba Uingereza haifai kuingia. Nchi za Afrika zikapata nafasi ya kufikiri.

6. ARUSHA NA LOMÉ: KUSIMAMA PAMOJA

Hawakuitumia nafasi ile kwa kulala. Kenya, Uganda na Tanzania zilituma wajumbe wao pamoja, zikazungumza na Jumuiya ya Ulaya kama mtu mmoja. Tarehe 26 Julai 1968 mapatano yalitiwa sahihi Arusha. Hayo yalimalizika muda wake kabla ya kuanza kutumika, na ya pili yakatiwa sahihi hapo hapo Arusha 24 Septemba 1969, yakaanza kazi 1 Januari 1971.

Mali ya Afrika ya Mashariki iliruhusiwa kuingia bila ushuru, lakini vitu vitatu viliwekewa kipimo: kahawa tani 56,000 kwa mwaka, karafuu tani 120, na mananasi ya makopo tani 860. Msomaji mwenye akili atauliza, kwa nini vitatu hivyo? Kwa sababu nchi zilizotangulia kuwa shirika zilikuwa zikiuza vitu kama hivyo, nazo hazikutaka kushindana nasi. Hivi ndivyo umoja ulivyo: aliye ndani kwanza huulinda ubao wa kukalia. Na kwa upande wetu, nchi zetu tatu zilipunguza ushuru kwa mali fulani ya Ulaya. Mlango ulifunguliwa, lakini kila upande ulilipa.

Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza iliingia kweli, pamoja na Denmark na Ireland. Upendeleo wa zamani wa Jumuiya ya Madola katika soko la Uingereza ukawa hauna budi kwisha. Safari hii, lakini, katika hati za kuingia kwake iliandikwa, katika Itifaki ya 22, kwamba nchi za Madola za Afrika, Karibi na Pasifiki zitapewa nafasi ya kupatana na Jumuiya, na kwamba faida za nchi zitegemeazo sana mazao kama sukari zitaangaliwa. Hapo nchi zilizotawaliwa na Uingereza na zile zilizotawaliwa na Ufaransa na Ubelgiji, ambazo kwa miaka 15 zilitazamana kama wapinzani, zikakaa upande mmoja wa meza.

Matunda yake yalionekana Lomé, katika Togo, tarehe 28 Februari 1975. Nchi 46 zilitia sahihi mapatano na nchi tisa za Ulaya. Mali yao karibu yote iliruhusiwa kuingia bila ushuru, na wao hawakulazimishwa kung'oa ua wao. Sukari ilipewa ahadi yenye hesabu, karibu tani milioni 1.3 kwa mwaka kwa nchi zote zilizohusika, Tanzania ikiwa mojawapo. Tena ukawekwa mfuko uitwao Stabex, wa kusaidia nchi ambayo mapato ya mazao yake yameanguka. Na pamba ilikuwa katika orodha ya mazao hayo, pamoja na kahawa na mkonge. Yale ambayo Uingereza peke yake haikuyapata kwa ajili ya wengine 1962, wenyewe waliyapata 1975 kwa kusimama pamoja.

7. FUNDISHO HALIJAPITWA NA WAKATI

Pengine kijana atasema: makoloni yamekwisha, habari hizi zatufaa nini? Na tumwonyeshe mambo ya karibu.

Mapatano ya Lomé yalifuatwa na ya Cotonou, 23 Juni 2000, na baada yake Ulaya ikataka mapatano ya namna mpya, ambamo kila upande hufungua mlango wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizungumza kwa miaka mingi. Tarehe 1 Oktoba 2014 mazungumzo yalipokuwa hayajakamilishwa, mali ya Kenya, pamoja na maua yake, ilianza kutozwa ushuru Ulaya, mpaka mwisho wa Desemba mwaka ule. Mali ya Tanzania haikutozwa, kwa kuwa Tanzania ilihesabiwa katika nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na tangu 2001 Ulaya ilizifungulia nchi hizo mlango kwa vitu vyote isipokuwa silaha. Basi 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi, na Tanzania haikutia. Kenya ikaendelea na njia yake hata ikapata mapatano yake yenyewe na Ulaya, yaliyoanza kazi 1 Julai 2024.

Hapa tena pana kahawa na pamba za 1962 katika sura mpya: nchi mbili jirani, ua mmoja wa pamoja, na faida mbali mbali. Na yafaa Mtanzania asijisifu mno. Mlango uliofunguliwa kwa sababu wewe ni maskini waweza kufungwa siku utakapohesabiwa kuwa si maskini tena. Hisani ya mwenye nyumba si sawa na haki iliyoandikwa.

Naye Mwingereza alipotoka katika Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, nchi zilizokuwa zikimwuzia kupitia mlango wa Ulaya zilihitaji mapatano mapya naye. Kenya ilitia sahihi yake 8 Desemba 2020. Kuingia kwa mkubwa ni shauri kwa mdogo, na kutoka kwake pia ni shauri.

8. MANENO YA KUSHIKA

Tumeona mambo manne yamlindayo mnyonge wakati mkubwa ajiungapo na wakubwa wenzake.

La kwanza ni hati. Ahadi ya mdomo haikumsaidia mtu. Vifungu vya 1885, 1919, 1922 na 1957 vilisaidia hata wasiojua kuvisoma.

La pili ni mjumbe. Tanganyika ya 1927 haikuulizwa, ikalipa. Tanganyika ya 1962 iliulizwa, ikajibu.

La tatu ni jirani. Aendaye peke yake hupimiwa. Waendao 46 husoma mizani pamoja.

La nne ni kuijua mali yako. Mkulima wa pamba ajue kwamba mlango wa ng'ambo haumzuii akiuza ghafi, bali humngoja pale atakapotaka kuuza nguo. Leo Mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga 2012, ndio mashuhuri kwa pamba katika nchi yetu. Pamba inayochambuliwa na kupelekwa ng'ambo kama marobota huacha sehemu ndogo tu ya thamani yake hapa. Kwa hiyo mapatano yoyote ya biashara yakitangazwa, swali la mtu wa Bariadi lisiwe tu, "Je, pamba yetu itaingia?" Na aulize, "Je, uzi wetu utaingia? Nguo yetu itaingia? Na nguo yao ikiingia kwetu bila ushuru, mfumaji wetu atasimama?"

Wazee waliomweka kijana asome mizani ya mnunuzi hawakuwa na shahada. Walijua tu kwamba haifai mtu mmoja awe mwenye mizani, msomaji wa mizani, na mwenye fedha. Jambo hilo ni kweli penye gulio la pamba, nalo ni kweli Brussels na London.

MASWALI KWA WALIMU NA WANAFUNZI

1. Ushuru wa forodha una sababu gani mbili? Toa mfano mmoja kwa kila sababu.

2. Kwa nini nguo za Japani hazikuzuiwa Tanganyika 1934, ingawa zilizuiwa katika makoloni mengine mengi?

3. Ikiwa ushuru wa kahawa ni 9.6 katika 100, mzigo wa shilingi 2,500 utatozwa kiasi gani? Na mzigo wa pamba ghafi wa thamani hiyo hiyo?

4. Eleza jinsi faida ya mkulima wa Bukoba na ya mkulima wa Bariadi zilivyotofautiana 1962. Kama ungalikuwa mjumbe, ungalishauri nini?

5. Kijijini kwenu, ni nani asimamaye penye mizani kwa niaba ya wakulima, naye huchaguliwa kwa njia gani?